Baba Aliyevuka Mpaka kwa Wivu

Royce Weingardt alikuwa na wivu hata wa mbwa.

"Mtoto akirudi shule anamsalimu mbwa kwanza," aliniambia siku moja, kahawa inampoa mkononi. "Mbwa! Mimi nimesimama pale na sahani ya chakula, yeye anapiga magoti kumkumbatia mbwa. Nikisema, naambiwa, 'Baba, usianze.'"

Nilikuwa napokea maziwa kwenye kiwanda cha jibini hapa mjini Ordell, na Royce alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alizunguka kwenye mazizi ya wafugaji tangu alfajiri. Tangi lake lilipokuwa likimwagwa, alikaa na mimi kwenye benchi karibu na mizani, akaongea. Nilikuwa sina haja ya redio. Ndivyo nilivyoyajua haya ninayoyasimulia, na yale ambayo yeye hakuyajua nilikuja kuyasikia kwa binti yake, Shelby, alipokuwa mkubwa.

Mkewe, Colleen, alimwacha akamfuata mwanamume mwingine Arizona. Shelby alikuwa na miaka tisa. Mahakamani walimuuliza mtoto angependa kukaa na nani, naye akajibu, "Na baba. Mama anajua kupika. Baba hajui, atakufa njaa." Hadithi hiyo Royce aliisimulia mpaka watu wa mjini wakaijua kuliko sala. Kila akiisimulia, kifua kinamtanuka. Alikuwa amechaguliwa, yeye mtu wa maziwa na matope, mbele ya hakimu.

Akajifunza kupika. Akajifunza ile mikate ya bibi yake, iliyojazwa nyama ya kusaga na kabichi, ambayo kila nyumba ya Wajerumani wa huku inajidai kuijua kuliko jirani. Kila siku alimfungashia Shelby miwili ya chakula cha mchana. Na Jumamosi mtoto alipanda naye lori, wakazunguka nchi nzima ya tambarare wakitaniana na kubishana ng'ombe wa nani wananuka zaidi. Royce alimwita "dereva mwenzangu". Ukimwalika Shelby kwenye sherehe ya mtoto wako siku ya Jumamosi, ujue umejitafutia adui.

Sasa, mtoto huyo alipofika miaka kumi na minne akanyamaza.

Alianza kwa kuacha timu ya mpira. Kisha mikate ikawa inarudi nyumbani haijaguswa. Kwenye lori aliegemea kioo cha dirisha akatazama nje, na baba akimuuliza kitu anajibu "Sawa tu," na akimuuliza tena anajibu "Nimesema sawa, baba." Mwalimu wake akapiga simu, akasema labda mtoto aonane na mshauri nasaha, na kwamba yuko mmoja mzuri hapa hapa mjini, juu ya duka la vyuma.

Mshauri mwenyewe alikuwa Marisol Trujillo, mwanamke mfupi mwenye hereni kubwa za feruzi, aliyekuja kwetu kutoka Pueblo. Royce alimpeleka mtoto kwa moyo safi. Alidhani ni kama kumpeleka kwa daktari wa meno: unangoja nje, anatoka na jino limezibwa, mnarudi nyumbani.

Alichokikuta ni mlango uliofungwa, na mbele ya mlango, sakafuni, kimashine kidogo kilichovuma kama upepo ili anayengoja asisikie ya ndani. Royce alikichukia kile kimashine kama mtu anavyomchukia nyoka. Wiki ya tatu hivi, alikuwa amekaa pale na kofia magotini, akasikia sauti imepenya mvumo ule. Mtoto wake alikuwa anacheka. Kicheko cha kuishiwa pumzi, kile cha zamani.

"Tangu Krismasi sijamsikia akicheka hivyo," aliniambia. "Nikajiuliza, huyu mama amemwambia nini? Mimi ni mtu wa vichekesho! Muulize yeyote!"

"Labda alikuwa analia, ukasikia vibaya," nikasema kumpoza.

"Ukitaka kunifariji, nyamaza."

Shelby alipotoka, baba akamuuliza kwenye gari, "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo tu."

"Mambo gani ya kuchekesha?"

"Baba. Ni ya mle ndani."

Akaenda kumuuliza Bi. Trujillo mwenyewe. Naye akamweleza kwa upole kwamba katika jimbo letu mtoto wa umri ule ana haki ya kuwa na mshauri na kuwekewa siri zake, isipokuwa kama maisha yake yamo hatarini. Royce alishuka ngazi za duka la vyuma akijihisi kama mtu aliyefukuzwa kwake. Usiku huo, alisema, alijikuta anafikiria hereni za yule mama, na jinsi mtoto wake anavyozitazama wakati anasema yale ambayo hamwambii yeye.

Halafu ikaja jioni ya jikoni. Ilikuwa majira ya kuvuna ngano, jua bado liko juu, Royce anakatakata kabichi.

"Baba, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Akavuta kiti. Shelby akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mimi napenda wasichana," akasema. "Si wavulana. Nimejua siku nyingi. Siumwi, na sifanyi kwa kuudhi mtu. Nilitaka tu ujue."

Royce alikuwa amelelewa katika kanisa ambamo jambo hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, kama kansa. Hofu ilimpata, sikatai, na yeye hakukataa. Lakini sikilizeni alichouliza. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Bi. Trujillo."

"Tangu lini?"

"Sijui. Kulikuwa bado na theluji."

"Theluji! Shelby, watu wanavuna ngano!"

Mtoto akaachia ukingo wa meza. "Baba, hilo ndilo unalouliza? Katika yote hayo?"

Akaondoka mezani. Royce akamaliza kukata kabichi yote iliyokuwamo nyumbani.

Kesho yake alipokuja kiwandani hakugusa kahawa. Alinieleza yote, na mwisho akasema, "Miezi, bwana. Miezi nimekuwa nikimpeleka kwa gari langu akamwambie mtu mwingine." Nikamwambia mtoto amekuja kukwambia kwa mdomo wake, wazazi wangapi wanasikia mitaani? Hakunisikia.

Alirudi kwa Bi. Trujillo, safari hii akiwa peke yake na amevaa shati la kanisani. Mazungumzo yao aliyarudia kwangu mara nyingi kiasi kwamba nayajua kama niliyekuwepo.

"Nataka umrudishe kama alivyokuwa," alisema.

"Alivyokuwa vipi, Bwana Weingardt?"

"Unajua. Kabla ya haya. Una maneno, anakusikiliza. Mgeuze."

"Hilo siwezi. Sheria ya jimbo inatukataza sisi wenye leseni kumshughulikia mtoto chini ya miaka kumi na minane kwa nia ya kubadili nani anampenda au anavyojitambua. Nikifanya hivyo napoteza leseni." Kisha akaongeza, "Na hata sheria isingekuwepo, nisingefanya. Nimeona watu wazima waliofanyiwa hivyo utotoni."

"Nani kaiweka serikali kati yangu na mwanangu?"

"Serikali imekaa kati yangu mimi na yeye," Bi. Trujillo akamjibu. "Wewe haijakugusa. Ni baba yake. Ongea naye lolote unalotaka, saa yoyote. Mchungaji wako naye anaweza. Aliyefungwa ni mimi."

Jibu hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Kuongea naye lolote! Angekuwa na la kuongea, au angekuwa na mtoto wa kumjibu, angepanda zile ngazi? Aliona kama yule mama amemwambia, mimi nimefungwa mikono na bado nakushinda.

Hapo ndipo dada yake alipoingia. Charlene Weingardt alikuwa mkubwa wake, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na breki, mwimbaji wa kwaya. Aliposikia, alilia kwanza, kisha akafuta machozi akaanza kupanga.

"Yupo mtu ng'ambo ya mpaka, Nebraska," akasema. "Bwana Hostetler. Mshauri mwenye leseni ya kule, Mkristo. Kule sheria hii ya kwetu haina mkono. Si mbali, unaendesha mbali kuliko hapo kwa ajili ya maziwa."

"Shelby hatakubali."

"Wewe ni baba au ni mpangaji humo ndani? Umemwacha mtoto kwa yule mwanamke wa hereni amnyonye akili mpaka hakutambui, halafu unasema hatakubali."

Charlene alijua pa kubonyeza. Yeye ndiye aliyemlea Royce.

Shelby alikubali. Hilo ndilo lililomshangaza baba. Alimkuna mbwa shingoni, akasema, "Nikienda utaacha kunitazama hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama nimekuibia kitu."

Jumanne mchana wakaenda. Mpaka wenyewe ni kibao cha barabarani. Mahindi ya upande huu na ya upande ule ni yale yale. Lakini Royce aliniambia alipokipita kile kibao alihisi ameishinda serikali, na Bi. Trujillo, na ngazi zake zote.

Bwana Dale Hostetler hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa kuwa Royce mwenyewe alisema, hata baadaye. Alikuwa mzee mrefu wa sauti ya taratibu, na mezani kwake palikuwa na bakuli la peremende. Alimshika Royce mkono kwa mikono yake miwili, na badala ya kumwonyesha kiti cha kungojea, akamwambia, "Ingia, baba. Wewe ndiye ufunguo."

Ufunguo! Royce aliingia kama anayepanda jukwaani kupewa tuzo. Alikaa kando ya binti yake saa nzima. Hapakuwa na kimashine, hapakuwa na siri. Mzee aliuliza habari za nyumbani, za mama aliyeondoka, za lori. Shelby alijibu kwa adabu. Royce akajibu maswali yake na ya mtoto pia. Wakati wa kurudi alipiga mluzi njia nzima.

"Umeona?" akamwambia Shelby. "Mtu anaweza kufanya kazi hii mlango ukiwa wazi."

"Mlango ulikuwa umefungwa, baba. Ila wewe ulikuwa ndani."

Wiki iliyofuata, Bwana Hostetler aliwapokea kwa ukarimu ule ule, kisha akamshika Royce bega. "Leo tutakuomba ungoje hapa nje," akasema. "Kuna mambo binti hawezi kuyasema mbele ya baba. Hasa kuhusu baba. Nataka ajifunze kumwamini mwanamume, na ataanza na mimi."

Royce akabaki amesimama kwenye zulia. Ataanza na mimi! Aliyatafuna maneno hayo saa nzima kama nyama ngumu. Alikuwa ameendesha gari mpaka jimbo jingine ili asikae nje ya mlango, na sasa alikuwa amekaa nje ya mlango, na bakuli la peremende lilikuwa ndani.

Safari hii hakusikia kicheko wala kilio. Shelby alitoka ametulia kupita kiasi, ameaga vizuri, amefunga mkanda wa gari bila kukumbushwa. Walikwenda wakapita mashamba, wakapita vihenge vya nafaka. Kisha akauliza, macho yakiwa barabarani:

"Baba, nilipozaliwa ulisikitika?"

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Bwana Hostetler aliniuliza kama nahisi ulitaka mtoto wa kiume. Nikasema sijui. Akasema nifikirie vizuri. Basi nikafikiria. Unanipandisha lori. Ulinifundisha kubadili tairi. Unaniita dereva. Nikaona labda ni kweli."

Kulikuwa na kituo cha mafuta mbele. Royce aliingiza gari pale, si kwenye pampu, pembeni, penye pipa la takataka. Akazima injini. Alisema kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hajui kama anataka kulia au kurudi nyuma kumtafuta mzee wa watu. Zile Jumamosi ndizo zilizokuwa mali yake yote. Mtu ameingiza mkono ndani yake akazigeuza, na mtoto sasa anazitazama kwa upande wa nyuma.

"Shelby," akasema, "siku uliyozaliwa kulikuwa na tufani ya theluji. Daktari alichelewa. Nesi alikupa kwangu kwanza kwa sababu mama yako alikuwa hoi. Unajua nilifanya nini? Nilikataa kukurudisha. Mama yako akasema, 'Royce, nipe mtoto wangu nimwone.' Nikamwambia, 'Subiri kidogo.' Akasema, 'Royce!' Nikamwambia, 'Umekuwa naye miezi tisa, niachie na mimi.' Nesi ndiye aliyekunyang'anya mikononi mwangu. Nilikuwa na wivu na mama yako aliyekuzaa! Sasa mtu aliyekuwa hivyo alitaka mvulana wa nini? Nilitaka wewe. Nilitaka usimtazame mtu mwingine. Ndiyo shida yangu mpaka leo. Kukutaka hakujawahi kuwa shida."

Shelby alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na kamasi ikawa nyingi kuliko karatasi zilizokuwemo garini. Alipopata pumzi akasema, "Nimekusingizia."

"Umenisingizia nini?"

"Nilimwambia Bwana Hostetler kwamba siku moja ulinisahau shuleni kwenye theluji. Nikasema nililia mpaka mlinzi akakupigia simu."

"Sijawahi kukusahau shuleni! Mimi hufika kabla ya basi!"

"Najua, baba. Lakini kila nikisema wewe ni mzuri, anasema tuchimbe zaidi. Kila nikisema hakuna kitu, anasema kipo, kimejificha. Nikampa kitu ili achoke kuchimba."

"Akachoka?"

"Akafurahi. Akasema sasa tumepata njia." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Wiki ijayo itabidi nitafute kingine. Sitaki kutafuta kingine."

"Hakuna wiki ijayo," Royce akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba pale kwenye kituo cha mafuta Royce Weingardt alielimika, akaielewa sheria, akaona makosa yake yote. Hapana. Nilimuuliza waziwazi, akaniambia hakuwa anafikiria sheria wala dini. Alikuwa anafikiria kwamba mzee yule anamnyang'anya mtoto kwa njia mbaya kuliko Bi. Trujillo. "Yule mama alichukua maneno ya Shelby tu," akasema. "Huyu alikuwa ananichukua mimi mwenyewe kutoka kichwani mwake."

Alimpigia Bwana Hostetler simu kesho yake, kutoka benchi letu, nami nikisikia upande mmoja. Alisema hawatarudi. Akasikiliza. Akasema, "Inawezekana, bwana. Inawezekana nina kidonda." Akasikiliza tena. Akasema, "Basi nitakufa nacho," akakata simu. Nikamuuliza mzee kasemaje. Eti wazazi wengi hukimbia pale pale panapoanza kupona.

Charlene hakumsamehe upesi. Alikuja nyumbani akasimama barazani, hakutaka kuingia.

"Umemtoa mtoto kwenye dawa kwa sababu ilikuwa chungu," akasema.

"Nimemtoa kwa sababu ilimfundisha uongo. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini? Atasema unalotaka kusikia."

"Charlene, ndiyo hiyo hiyo habari yenyewe. Huyu mtoto anasema kwa kila mtu kile anachotaka kusikia. Kwangu, kwa mzee, kwako. Kuna mahali pamoja tu ambapo hasemi hivyo, na mahali penyewe mimi siruhusiwi kuingia."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa inamchoma.

Wakarudi juu ya duka la vyuma. Hapo Royce alifanya jambo ambalo naliheshimu. Alimwomba Bi. Trujillo dakika chache za kwake yeye, akamwambia, "Siulizi siri zake. Nifundishe tu unavyofanya hadi aongee."

"Namuuliza, kisha nanyamaza."

"Basi?"

"Basi. Lakini kunyamaza kwenyewe, Bwana Weingardt, kusiwe kwa kununa."

Alijaribu. Ulikuwa mtihani kuliko kuacha sigara. Alimuuliza Shelby swali, kisha akauma midomo mpaka ikawa myeupe, huku mtoto akimtazama kwa mashaka na kumwambia, "Baba, unaumwa tumbo?" Wakati mwingine alishindwa, akajaza kimya kile kwa hadithi za ng'ombe. Lakini wakati mwingine neno lilitoka. Dogo tu: kwamba kuna mwalimu anayemwonea, kwamba aliacha mpira kwa sababu wenzake walikuwa wanageuka ukutani akiingia kubadili nguo. Hilo la mwisho Royce alikuja kuniambia macho yamemwiva. Bi. Trujillo alikuwa analijua tangu theluji. Safari hii Royce alisema hivyo mwenyewe bila mimi kumwuliza, kisha akaongeza, "Afadhali alikuwa na mtu wa kumwambia." Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayelipa faini.

Mjini watu waliendelea kubishana juu ya sheria ile. Walibishana kanisani, kwenye mnada wa ng'ombe, na hasa kwenye mgahawa wa asubuhi ambapo madereva wote wanakula mayai. Siku moja mkulima mmoja, Vernon Kerbs, alimgeukia Royce mbele ya watu.

"Wewe umeyapitia. Sema basi. Mzazi hana haki ya kumchagulia mwanawe mshauri amtakaye?"

"Anayo," Royce akasema. "Niliitumia. Nilivuka mpaka nayo."

"Sasa?"

"Nikarudi na mtoto anayeniuliza kama nilisikitika alipozaliwa."

Vernon alikuna shavu. "Lakini huyo ni mshauri mmoja. Si wote watakuwa hivyo."

"Huenda. Mimi sijui sheria, Vernon. Na huyo alikuwa mpole, asikudanganye mtu. Alikuwa mpole kuliko mimi. Nipitishie chumvi."

Hawakuafikiana, na hawajaafikiana mpaka leo, lakini chumvi ilipitishwa.

Shelby alimaliza shule. Katikati alitokea Noemi Archuleta, msichana wa tarumbeta katika bendi ya shule, aliyekula mikate mitatu ya Royce kwa mkupuo mmoja akaomba wa nne. Royce alikuja kazini akilalamika. "Shelby anazicheka hadithi za Noemi hata kabla hazijaisha," akasema. "Na hazichekeshi! Nilikuwepo!" Nikamuuliza kama anachukia kwa kuwa ni msichana. Akafikiri kwa haki kabisa, kahawa mdomoni, akasema angekuwa mvulana angemchukia zaidi, maana wavulana wanakula zaidi. Charlene naye alirudi taratibu, kwanza barazani, kisha jikoni. Jambo lenyewe halikubali, ila alimfumia Noemi kofia ya baridi.

Vuli ile Shelby alipokwenda Fort Collins kusomea utabibu wa mifugo, Bi. Trujillo aliamua kurudi Pueblo kumtunza mama yake. Alitafuta watu wa kumsaidia kuhamisha vitu. Aliyejitolea wa kwanza alikuwa Royce, na akanikokota na mimi.

Kitu kizito kuliko vyote kilikuwa kochi la kijani. Tulilishusha ngazi za duka la vyuma kwa matusi na jasho, tukalitua kando ya barabara kupumua. Royce alilizunguka. Akalibonyeza kwa kidole. Kisha akakaa, katikati, kofia magotini, magari yakipita mbele yake.

"Alikuwa anakaa upande gani?" akauliza.

Bi. Trujillo alikuwa amesimama mlangoni na taa ya mezani kifuani. "Siwezi kukwambia, Bwana Weingardt."

"Hata hilo?"

"Hata hilo."

Royce akatikisa kichwa. "Mama, wewe umenitesa," akasema, nusu ya mzaha, nusu yake si mzaha. Akasogea ukingoni, upande wa kushoto, akakaa kidogo. Akahamia wa kulia, akakaa kidogo na huko. Bi. Trujillo aliweka taa chini akaja akaketi upande ule mwingine, nasi watatu tukapumzika pale kwenye jua la Oktoba, mimi nikiwa kwenye mkono wa kochi, mpaka mwenye duka la vyuma alipotoka kutuambia tunamzibia wateja njia.